Protini ya mbu iliyonisumbua miezi kumi na minne

Nilipokubali mradi huu nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya uzamili juu ya jeni za mbu, na nilijiaminisha kwamba mtu aliyezoea kunakili jeni hawezi kushindwa kuifanya jeni hiyo itoe protini. Bajeti niliyoandika ilikuwa ya miezi sita. Kazi ilichukua miezi kumi na minne, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kutafuta wingi wa kitu ambacho hakikuwa kizima tangu mwanzo. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Nakuru au kwingineko, ambao wameambiwa na mshirika aliye mbali kwamba kukuza seli za binadamu na kuzifanya zitengeneze protini ya utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli, ni suala la kufuata maelekezo tu.

Protini yenyewe inaitwa Orco. Mbu wa Anopheles gambiae hunusa kwa vipokezi vilivyo kwenye vipapasio vyake, na vipokezi vya kundi kubwa la harufu hufanya kazi vikiwa vimeungana na Orco. Kwa pamoja hujenga tundu katika utando wa seli ya neva, na harufu inapofika tundu hilo hufunguka na kupitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Orco peke yake pia huweza kujenga tundu, nne zikishikana. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza kemikali waliyoiita VUAA1, inayolifungua tundu hilo bila harufu yoyote, nao waliipata kwa kupima kemikali zaidi ya laki moja juu ya seli za binadamu zilizotiwa jeni za mbu. Mwaka 2018 umbo kamili la Orco ya nyigu mmoja wa matunda ya mtini lilichapishwa. Lengo letu lilikuwa la kawaida kabisa: kupata Orco ya mbu iliyo safi na ya kutosha ili wenzetu waichunguze zaidi. Kwa mkazi wa hapa jambo hili lina utani wake, kwa kuwa mbu anayefugwa katika maabara za dunia nzima kama mfano wa mbu asiyestahimili dawa anaitwa Kisumu. Jina la mji wetu limesafiri kwa mabawa ya mdudu kuliko lilivyosafiri kwa samaki.

Lazima nieleze kwanza ugumu uko wapi. Protini nyingi huogelea katika maji ya seli kama omena ziwani. Protini ya utando haiogelei: Orco hupita katika utando mara saba, ikiwa imeshonwa ndani ya mafuta, na kazi hiyo ya kushona hufanyika papo hapo protini inapotengenezwa, kupitia milango maalumu iliyo kwenye mtandao wa mikunjo ya ndani ya seli. Milango hiyo ina uwezo wake. Ukiilazimisha seli itengeneze protini nyingi kuliko milango inavyomudu, protini hukunjika vibaya, seli hulitambua hilo, hupunguza utengenezaji wa karibu kila kitu, na mambo yakizidi hujiua. Maelezo hayo niliyasoma wiki ya kwanza nikayaelewa mwezi wa nane.

Seli tulizochagua ni HEK293, ambazo zilitokana na figo ya kijusi cha binadamu na kutengenezwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Tarakimu 293 ni namba ya jaribio tu. Zinapendwa kwa sababu hupokea DNA ngeni kwa urahisi, hukua haraka, na utando wake una kolesteroli na mafuta mengine ambayo bakteria hawana.

Kundi la kwanza la seli lilikufa kabla sijaliona. Vichupa viwili vilitumwa ndani ya barafu kavu, ile isiyoacha maji inapoisha, na sanduku likakaa siku tano likisubiri muhuri wa ofisi moja iliyotaka barua ambayo hakuna mtu aliyekuwa amenitajia. Lilipofika Kisumu lilikuwa na joto la chumba. Nililia kidogo, nikalaumu ofisi hiyo kwa wiki nzima, kisha nikakubali kwamba nilikuwa nimeruhusu mtumaji afunge sanduku kabla kibali cha kuingiza hakijawa mkononi mwangu. Mara ya pili nilisubiri kibali kwanza, nikaomba barafu mara mbili ya kiasi cha kawaida, na nikasisitiza mzigo utue Jumatatu au Jumanne, kwa maana mzigo unaotua Alhamisi hapa kwetu ni mzigo wa wiki inayofuata.

Kichupa kilichogandishwa huyeyushwa haraka, kwa dakika moja au mbili katika maji ya nyuzi 37, kwa kuwa dawa inayokinga seli wakati wa kugandishwa huziumiza zikishapata joto. Hilo nililifanya vizuri. Nililokosea ni akiba. Kabla ya jaribio lolote mtu anapaswa kukuza seli hizo changa na kugandisha vichupa ishirini au zaidi. Mimi niligandisha sita, nikaona nimejitahidi, nikakimbilia majaribio. Naitrojeni ya kimiminika ya kuhifadhia vichupa vilivyogandishwa tuliipata kwa watu wanaosambaza mbegu za madume kwa wafugaji, na ninawapendekeza bila kusita: mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hawezi kungoja, kwa hiyo ratiba yao ya kujaza mitungi inaaminika.

Mambo mengine ya nyumba ya seli nitayapitia upesi, ingawa yalinila fedha. Chupa ya nusu lita ya seramu ya ndama ilitufikia kwa zaidi ya shilingi 70,000. Inkubeta, kabati la joto ambamo seli hukua, huhitaji kabonidioksaidi asilimia 5, na mtungi wetu wa pekee uliisha Jumamosi moja. Jumatatu nilikuta midia, majimaji yanayolisha seli, imegeuka kutoka wekundu kuwa rangi ya waridi inayoelekea zambarau, ishara kwamba asidi imepungua na seli zinateseka. Tangu siku hiyo mitungi ni miwili, na kifaa kidogo kati yake huhamisha gesi kutoka mmoja hadi mwingine. Stima ikipotea jenereta huchukua nusu dakika kuwaka, na nusu dakika hiyo ilitosha kuifanya inkubeta isahau nyuzi ilizowekewa, mpaka tuliponunua betri ya kuishikilia.

Sasa nifike kwenye makosa yenyewe. Ili kuiona protini, niliiunganisha na GFP, ile protini ya kijani ya kiwavimaji, mnyama laini wa baharini, inayong'aa chini ya mwanga wa buluu. Nilijua kwamba vipokezi vingi vinavyopita utando mara saba huwa na mkia ndani ya seli, nikaibandika GFP mkiani mwa Orco. Lakini vipokezi vya harufu vya wadudu vimepinduliwa: utafiti uliofanyiwa nzi wa matunda mwaka 2006 ulionyesha kuwa kichwa chake ndicho kilicho ndani, na mkia uko nje. Nilikuwa nimeipeleka GFP mahali ambapo hukunjika kwa taabu, na tena kwenye mkia mfupi ambao Orco yenyewe inauhitaji. Mwanga ulionekana hafifu. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilihitimisha kwamba DNA ni kidogo.

Nikaongeza DNA. Tulitumia PEI, kemikali ya bei nafuu inayoifunga DNA na kuiingiza katika seli, na uwiano ambao wengi huanza nao ni gramu tatu za PEI kwa gramu moja ya DNA, pamoja na takriban mikrogramu moja ya DNA kwa seli milioni moja. Nilipanda hadi mara tatu ya kiasi hicho. Mwanga uliongezeka kweli, nikapiga picha, nikamtumia profesa wangu, naye akanipongeza. Siku ya tatu nusu ya seli zilikuwa zinaelea zimekufa. Nilipozitazama upya zile picha baadaye niliona jambo ambalo mtu mwenye utulivu angeliona mara moja: mwanga haukuwa ukizunguka seli kama pete, jinsi unavyotakiwa kuwa protini inapofika kwenye utando wa nje, bali ulikuwa umejikusanya katikati kama mabonge ya ugali usiopikwa vizuri.

Kosa la tatu lilinificha hayo yote. Nilipima protini kwa jeli, ambayo umeme huzivuta protini ndani yake na kuzitenganisha kwa ukubwa, na kama nilivyofundishwa chuoni nilichemsha sampuli kwa dakika tano katika nyuzi 95. Protini nyingi za utando hazitaki kuchemshwa. Sehemu zake zinazopenda mafuta hung'ang'aniana na kubaki juu kabisa ya jeli, zisiingie. Niliona doa zito juu na karibu hakuna kitu mahali pake, nikadhani seli hazitengenezi, nikaongeza DNA tena. Sampuli hizi zipashwe joto la nyuzi 37 kwa nusu saa, au zisipashwe kabisa. Faida nyingine ni kwamba GFP isiyochemshwa huendelea kung'aa ndani ya jeli, kwa hiyo unaweka jeli chini ya taa ya buluu na kuona protini yako bila kingamwili wala filamu. Jaribio linalogharimu maelfu ya shilingi linakuwa la bure.

Mwezi wa tano matokeo yalianza kuyumba. Jumatatu seli zilipokea DNA kwa asilimia sabini, Alhamisi thelathini, maelekezo yaleyale, mkono uleule. Nilibadilisha PEI, nikabadilisha seramu, nikalaumu maji. Fundi wetu wa maabara, mzee aliyekuwa amebakisha miaka miwili kustaafu, alikuja siku moja akasimama nyuma ya hadubini yangu.

"Daktari," aliniita hivyo ingawa sijawa daktari, "seli zako zilipimwa lini mara ya mwisho?"

"Ziko safi, mzee. Tazama mwenyewe, midia haina ukungu hata kidogo."

"Sikuuliza ukungu. Nimeuliza zilipimwa lini."

Hazikuwahi kupimwa. Mikoplazma ni bakteria wadogo mno wasio na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwagusi, baadhi yao hupenya vichujio vya mikromita 0.22, na wanaweza kufikia mamilioni kwa kila mililita bila midia kuchafuka machoni. Hawaui seli upesi. Huzinyang'anya chakula na kuzibadilisha tabia polepole. Maabara yetu imejaa mashine za PCR, zinazonakili DNA ya kimelea ili kionekane, kwa sababu ya malaria, na kuwapima mikoplazma kwa mashine hizo kulihitaji viasilishi, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, vya bei ndogo na saa tatu tu. Kilionyesha mikoplazma kwenye chupa zote nilizokuwa nikizikuza, na kwenye vichupa vinne kati ya sita vya akiba. Viuavijasumu nilivyokuwa nikiviweka katika midia kila siku kama tambiko vilikuwa vimeniziba macho, kwa kuwa viliwazuia bakteria ambao ningewaona na kuwaacha wale nisioweza kuwaona. Tulichoma kila kitu, tukasafisha inkubeta na beseni la maji, tukaanza upya na vile vichupa viwili. Miezi mitano ya data ilikwenda na moshi. Profesa hakugomba, aliniuliza tu kwa upole ningeweza kumwambia nini mfadhili, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo ninapima seli kila baada ya wiki mbili, ninakuza bila viuavijasumu, na seli zikishahamishwa chupa mara ishirini na tano hivi ninazitupa na kuyeyusha kichupa kipya.

Nilianza upya kwa vitu vidogo. Niliihamishia GFP kichwani mwa protini, upande wa ndani, na nikafanya majaribio katika sahani za visima sita badala ya machupa makubwa, nikibadilisha jambo moja kila wiki. Nilipunguza DNA hadi chini ya kiasi nilichoanza nacho. Nilivuna baada ya saa 24, 48, 72 na 96, nikagundua kwamba kwa protini yangu kilele kilikuwa saa ya 60 hivi. Baada ya hapo mwanga ulizidi kidogo lakini mabonge yalizidi zaidi. Kisha nikajaribu mambo mawili ambayo wazoefu wa protini za utando huyataja pamoja. La kwanza ni sodiamu butireti, inayolegeza ufungaji wa DNA ndani ya kiini ili jeni isomwe zaidi. Huwekwa kwa milimola 5 hadi 10 kwa lita, saa 12 hadi 24 baada ya kuingiza jeni. Inanuka kama samli iliyochacha, na wenzangu walinihamisha meza. La pili ni kushusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 30 saa hiyohiyo, ili utengenezaji uende polepole na milango ile ipate nafasi ya kushona kila protini ipasavyo.

Hapo ndipo Kisumu iliponikumbusha ilipo. Inkubeta ya kawaida haina ubaridi. Hupasha tu, na ili ishike nyuzi ilizowekewa chumba kinapaswa kuwa na baridi zaidi yake kwa nyuzi tano hivi. Alasiri ya Februari chumba chetu hufika nyuzi 30 chenyewe, na inkubeta niliyoiwekea 30 ilikuwa ikisoma 34. Kwa wiki tatu nilidhani mbinu ya joto la chini haifai kwa Orco. Tuliihamishia inkubeta kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichokuwa kikihifadhi sampuli za damu, baada ya mazungumzo marefu na wenye chumba, na matokeo yakabadilika wiki hiyohiyo. Ninamshauri mtu yeyote wa ukanda wa ziwa aweke kipimajoto cha pembeni ndani ya inkubeta na asiamini namba ya mlangoni. Tahadhari nyingine ni kwamba HEK293 zinazokua zikiwa zimeshikilia sahani hulegea kwenye ubaridi. Nilimwaga midia ya zamani kwenye sinki mara mbili kabla sijatambua kwamba robo ya seli zangu zilikuwa zimo ndani yake. Sasa midia yote hupita kwanza kwenye sentrifyuji, mashine inayoizungusha kwa kasi ili seli zitue chini.

Kipimo kilichonifungua macho kilifanyika Nairobi, katika maabara rafiki yenye mashine ambayo hatuna. Utando huyeyushwa kwa sabuni ya kipekee, kwa upande wetu DDM asilimia 1 pamoja na kolesteroli iliyobadilishwa ili iyeyuke, kisha sampuli hupitishwa kwenye safu inayotenganisha protini kwa ukubwa huku mwanga wa GFP ukipimwa mwishoni. Uzuri wa mbinu hiyo, iliyochapishwa mwaka 2006, ni kwamba huhitaji kuisafisha protini kwanza. Seli za sahani moja zinatosha. Protini nzima hutoka kama kilima kimoja chembamba, iliyoharibika hutoka mapema kama tuta. Nilibeba sampuli tatu ndani ya basi la usiku, kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Ile ya DNA nyingi, iliyong'aa kuliko zote na ambayo picha yake ilikuwa imepongezwa, ilikuwa tuta tupu. Ile ya DNA kidogo, butireti na nyuzi 30, yenye mwanga uliopungua kwa theluthi, ilitoa kilima mahali hasa ambapo Orco nne zilizoshikana zinapaswa kutokea. Nilikaa nikitazama karatasi hizo mbili mpaka mwenyeji wangu akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya uvumilivu. Niliharibu safisho moja zima kwa kuosha safu kwa maji ya chumvi yasiyo na sabuni. DDM ikishuka chini ya takriban asilimia 0.009 haijikusanyi tena kuizunguka protini, na protini huanguka kama mashapo. Tulijaribu pia laini ya kudumu ya seli, yaani kizazi cha seli zinazobeba jeni hiyo daima, ambamo jeni imefungwa kwa swichi inayofunguliwa na doksisaiklini, dawa ya jamii ya tetrasaiklini, ili seli zikue kwanza kwa amani na kuanza kutengeneza Orco zikishakuwa nyingi. Kwa mwezi mzima swichi ilivuja, seli zikawa zinazorota, kwa sababu seramu ya kawaida inaweza kuwa na mabaki ya tetrasaiklini waliyopewa ng'ombe. Seramu iliyothibitishwa haina mabaki hayo ni ghali zaidi, nasi tuliinunua kwa fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya mkutano mmoja wa Mombasa. Laini hiyo ndiyo tunayoitumia sasa, na hutupatia takriban nusu miligramu ya protini safi kwa kila lita, ilhali ile mbinu yangu ya kwanza haikutoa kitu cha kupimika.

Jozi ya Orco na kipokezi cha harufu bado inatushinda. Kipokezi kikiingia, Orco hupungua, na sijui kama tatizo ni uwiano wa DNA au ni kipokezi chenyewe kukosa kukunjika katika seli ya binadamu. Sampuli ya Orco peke yake iliondoka wiki mbili zilizopita, Jumanne, katika barafu kavu, kibali kikiwa kimegongwa muhuri siku tisa kabla sanduku halijafungwa. Mzee alinisaidia kulibeba hadi kwenye gari, na kabla mlango haujafungwa akaniuliza kama seli zilizobaki zimepimwa. Nilikuwa nimezipima asubuhi.